Msemaji wa Pili

Haya yalimpata kaka yangu Hosea. Sehemu ya haya ni yangu pia, mimi Precious, na nitaisema bila kujipamba.

Jumatatu ile asubuhi alipita dukani kwangu Tarime mjini, ninapochapa barua na kutoa kopi. Alikunywa chai kwa chapati mbili huku akilalamika mgongo. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye machimbo madogo ya dhahabu kila ajali inapotokea, kuwarekodi ndugu wa wachimbaji, halafu kuyaandika maneno yao yote, neno kwa neno. Aliajiriwa na shirika dogo lililotaka maduara, yale mashimo wanayoshukia watu kutafuta mawe, yawe salama. Saa moja ya sauti ilimla siku nzima ya kuandika.

"Dada, si ulisema mashine inaweza kuandika yenyewe?"

Ni kweli nilisema. Nikaichukua simu yake, nikampangia. Akimaliza kurekodi tu, sauti inajituma kwenye programu ya kugeuza maneno kuwa maandishi, na maandishi yanarudi kujipanga kwenye daftari lake la simuni, yakiwa na tarehe, jina la kijiji, na wasemaji wametenganishwa: Msemaji 1, Msemaji 2. Tuliijaribu sisi wawili, tukacheka kuona utani wetu umeandikwa wote.

"Sasa huna haja hata ya kusikiliza," nilimwambia.

Maneno hayo ni yangu. Mpaka leo sijapata pa kuyaficha.

Akapanda pikipiki kwenda Nyakunguru. Jumamosi duara moja lilikuwa limetitia huko. Watu wanne walitolewa hai. Wa tano, kijana aitwaye Revocatus, hakuonekana, lakini Simon, msimamizi wa duara, alisema hakuingia kazini siku hiyo. Alivuka mpaka wa Sirari tangu Ijumaa kwenda kwa mama yake mdogo, Migori, upande wa Kenya. Basi Jumapili wakaacha kuchimba.

Hosea alimkuta mama yake Revocatus peke yake ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura," alijibu, akimwita kijana kwa Kikurya. "Wewe ndiye wa ofisi? Keti."

Hakuketi. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amechoka kutazama watu wakilia. Aliwasha simu, akaiweka juu ya kigoda mbele ya yule mama.

"Sema yote, mama. Hii inasikia kuliko mimi."

Akatoka. Nyuma ya nyumba alimkuta Joel, waliyesoma naye kijijini kwetu Kisaka, wakanywa soda na kuzungumza habari za mpira. Aliporudi, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Mama yule alikuwa amekaa vilevile, macho makavu, mikono magotini.

"Umesikia, mura?"

"Nimesikia, mama."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Hajafika hata barabarani, simu ikatoa mlio mdogo. Maandishi yalikuwa tayari. Hakuyafungua. Siku hiyo hakuyafungua, wala kesho yake, wala keshokutwa.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuja dukani kuchapa ripoti. Nilifungua maandishi yale ya Nyakunguru mwenyewe kwenye kompyuta.

"Mlikuwa wangapi mle ndani?" nikamuuliza.

"Yule mama tu."

"Na wewe ukimhoji?"

Akaitazama printa. "Nilitoka kidogo."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Msemaji 1 peke yake, kwa Kiswahili. Mama alieleza kwamba Jumamosi ileile alimpigia mdogo wake Migori, na Revocatus hajafika huko. Simon hataki kumsikiliza. Akamwomba mtu wa ofisi apige mwenyewe, ahakikishe, awaambie warudi kuchimba. Namba aliitaja mara mbili. Ilikuwa pale, tarakimu zote.

Hosea alivuta kiti, lakini hakukaa.

Ukurasa wa pili ulianza hivi:

Msemaji 2: Mama.

Msemaji 1: Nakusikia. Uko wapi?

Msemaji 2: Chini. Gogo limenibana mguu. Wachimbe kutokea duara la zamani. Ukuta ni mwembamba.

Msemaji 1: Kuna kijana wa ofisi hapa. Anasikia.

Msemaji 2: Hayupo, mama. Yuko nyuma ya nyumba. Anacheka.

Nilisoma mstari ule mara mbili.

Tukaifungua sauti yenyewe. Kwenye sehemu ile mama alikuwa akizungumza Kikurya, lugha ambayo programu ile haikuijua hata neno moja. Anauliza. Kimya. Anauliza tena. Kimya. Kila kimya kilikuwa na urefu wa jibu.

Ndani ya kimya kimoja, kwa mbali, palisikika kicheko. Nilikitambua. Nimekua nacho nyumba moja.

Nilipiga ile namba.

"Hajafika, bana," alisema mwanamke wa upande wa pili. "Tangu Jumamosi namwambia dada yangu. Kwani huko hakuna mtu angetupigia simu?"

Nilikata simu.

Tulifunga duka, tukaenda. Pale machimboni Hosea alimpa Simon simu, azungumze na mama mdogo mwenyewe. Simon alisikiliza. Akageuka kuwaita watu wake.

"Tuingilie wapi?"

"Duara la zamani," Hosea akasema. "Ukuta ni mwembamba."

Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Saa tisa alasiri walimfikia. Mguu ulikuwa chini ya gogo. Alikuwa amekufa.

Simon alipanda juu akiwa na udongo mpaka kwenye kope. Akatusogeza pembeni, akanong'ona.

"Kwapani bado ana joto."

"Unasema nini?" Hosea akauliza.

"Nasema huyu hakufa Jumamosi. Jumatatu alikuwa hai. Jana alikuwa hai. Amekufa leo."

Nilitamani ardhi ile iliyotitia itupokee na sisi.

Mama yake aliletwa. Watu wakampisha. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akamfunika uso kwa khanga yake, kisha akamgeukia kaka yangu.

"Mura, uliniambia umesikia."

Hosea alipiga magoti kwenye tope, mbele ya kijiji kizima.

"Sikusikia, mama. Nilikuacha na simu. Nilikuwa nje."

Watu wengine walitema mate chini. Mimi pia nilikuwa na la kusema: kwamba mashine ile niliipanga mimi, kwamba mimi ndiye niliyemwambia asihangaike kusikiliza. Nilisimama nyuma ya wanawake wenzangu, nikajifunga khanga vizuri, nikakaa kimya.

Mama yule hakumlaani. Alimwonyesha sehemu kavu chini, akamwambia aketi, naye akaketi. Mama akaanza kumsimulia habari za mwanawe tangu siku aliyozaliwa. Hosea alisikiliza mpaka jua likazama. Hakugusa simu.

Tulimzika Jumamosi. Hosea aliacha ile kazi, akarudi kulima Kisaka. Kila mwezi huenda Nyakunguru kumpalilia yule mama shamba, nao huzungumza, au hukaa tu. Uso wake umezeeka, lakini anaweza kuwatazama watu machoni. Alilipa kwa aibu ya mchana kweupe.

Mimi niliendelea na duka langu. Hata mama yetu mzazi sijamwambia.

Wiki tatu baada ya maziko, Simon alifika Tarime kutoa kopi za vibali. Alinijua kama dada yake Hosea, basi. Jina hakuwahi kuniuliza. Alipomaliza, alitoa simu akanionyesha picha. Walikuwa wamelitoa lile gogo lililombana Revocatus, na upande wa chini, pale mkono wake ulipofika, palikuwa na herufi zilizokwaruzwa kwa jiwe.

"Jina la kaka yako," Simon alisema. "Na hawakuwahi kuonana hao."

Nilitazama. HOSEA. Herufi kubwa, zimepinda.

Akaisogeza picha kwa kidole.

"Chini yake kuna lingine. Tumeuliza kijiji kizima, hakuna anayemfahamu." Akasoma polepole, kisha akainua macho. "Precious. Huyu ni nani?"

Nikamwambia simjui.