Shati la Khubaib

Ruweida hakuwa mtu wa kuiamini karatasi ndani ya nyumba. Kila kilichotoka kwenye printa alikishika kwa ncha za vidole, akatoka nacho mpaka katikati ya uchochoro wa Marikiti, akakiinua juani na kukitazama mpaka aridhike. Mahamali walishamzoea, wakampita ubavuni huku wakimtania. Asubuhi ile ya Alhamisi alipita hamali mgeni, akipiga kelele apishwe njia.

"Simile! Simile!"

Ruweida hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye kadi ya harusi, akitafuta kama nyekundu yake ni ile aliyoiona kwenye skrini. Mkokoteni wa mananasi ulikuwa umeshafika. Mtu akamdaka mkono wa buibui, akamvuta hadi ukutani. Kadi ikaangukia kwenye maji ya mboga.

"Wataka kufa kwa ajili ya karatasi?" akauliza yule mtu.

"Nawe wataka kunichania buibui?"

"Buibui likichanika hushonwa. Wewe ningekushona na nini?"

Ruweida akataka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Yule mtu alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, mfuko wa koleo na bisibisi begani. Lakini macho yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Natafuta duka la kuchapisha," akasema. "Nimeambiwa kuna msichana hapa azijua rangi kuliko mashine yenyewe."

"Ndiye huyo uliyekosa cha kumshonea."

Akacheka, kisha kicheko kikamkatika ghafla. Akatoa simu. Pichani alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, amenyolewa vizuri, amevaa shati la Idd la buluu kali inayong'aa, anatabasamu kama mtoto.

"Ndugu yangu, Khubaib. Kichwa chake si kizima, dada. Hutoka nyumbani Ndia Kuu akazunguka, lakini jioni hurudi. Leo siku ya tatu hajarudi. Nataka matangazo mia mbili, na nayataka sasa hivi."

Jina lake Zein, fundi wa mafriji. Akaketi kwenye kigoda, Ruweida akapiga maneno kwenye kompyuta.

"Niandike rangi ya shati?"

"Ya nini, na picha ipo? Andika: alitoka amevaa shati hili hili unaloliona."

Ruweida aliishia darasa la nane, na rangi alijifunza kwa kutazama tu. Alijua kwamba skrini ina taa yake ndani na karatasi haina, na kwamba printa ile ilikuwa na ugonjwa wake: buluu kali ikifika pale, wino wa waridi huingilia, ikatoka zambarau. Dawa yake aliijua pia. Kuupunguza waridi kidogo, kutoa karatasi ya majaribio, kuipeleka juani, kurudia. Kazi ya nusu saa, pengine saa nzima.

Karatasi ya kwanza ikatoka. Shati lilikuwa zambarau.

Aliliona. Akaigeuza ile karatasi, mkono ukiwa tayari kuzima mashine. Zein akainuka kigodani, akaitazama juu ya bega lake.

"Umemaliza mara hii? Mashallah! Nimezunguka maduka manne, kote naambiwa njoo kesho. Mungu akupe kila unalolitaka."

Na namna alivyomtazama, Ruweida alikuwa hajatazamwa hivyo na mtu. Akajiambia, mtu hutafutwa kwa uso, nani atatazama shati? Akaiacha mashine iende. Siku ile hakutoka nje na karatasi.

Walibandika pamoja. Ruweida gundi, Zein ngazi, Ijumaa baada ya Ijumaa: Ndia Kuu, Marikiti, mpaka Shimanzi kwenye kuta za magodauni. Kwenye chumba cha maiti Zein alikwenda mwenyewe. Khubaib hakuwapo, akaacha tangazo na namba ya simu. Na katikati ya msiba ule, mapenzi yakaingia bila kubisha.

"Bi Jua, ushakula?" Zein alikuwa akipiga saa saba mchana, akimwita kwa jina alilompa kwa karatasi zake za juani.

"Nimekula. Nawe?"

"Mimi nasubiri mtu aniambie karibu."

"Subiri basi. Njaa haijaua fundi wa friji."

"Una roho ngumu, habibti. Nikifa utamchapishia nani?"

"Nyamaza! Usiseme hivyo."

Mjini watu wakaanza kunong'ona, na Zein hakupenda anong'onwe mtoto wa watu. Mwezi wa tatu wa kutafuta, akatuma shangazi zake kwao Ruweida na posa. Mamake Ruweida akapokea, akaomba siku kumi za kujibu, ingawa jibu alikuwa nalo mdomoni.

Siku ya nne Ruweida alipeleka vitabu vya risiti kwenye yadi moja ya makontena huko Shimanzi. Getini tangazo bado lilikuwepo, limefunikwa plastiki. Mlinzi, mtu wa bara aitwaye Morgan, akamtambua.

"Madam, huyu kijana mlimpata?"

"Bado, kaka."

"Maana kulikuwa na mwingine hapa, walifanana kidogo. Alilala nje ya geti siku tisa. Mpole sana, kila siku nampa chai na mkate. Nikatazama karatasi yenu, nikamtazama yeye. Huyu amenyolewa, yule ana ndevu na uchafu, huwezi kujua. Basi nikaangalia shati. Hapa ni zambarau, yule alikuwa na buluu. Nikasema si yeye."

Ruweida akaviweka chini vitabu vya risiti. "Yuko wapi?"

Morgan akavua kofia. "Lori lilikuwa linarudi nyuma, asubuhi. Uso haukubaki, Madam. Nilimsindikiza mpaka chumba cha maiti, hata kule karatasi yenu ilikuwa ukutani. Karani akalinganisha mbele yangu. Akasema hapana, hawa wanatafuta shati la zambarau. Alikaa kule wiki nyingi, hakuna aliyekuja. Wakamzika na wale wasiojulikana."

Ruweida alirudi kwa miguu, malori yakimpigia honi, asiyaone. Hakuoshwa. Hakuswaliwa. Alizikwa bila jina, na jina lake limebandikwa mji mzima.

Simu ya Zein ikaita mchana, hakupokea. Ikaita alasiri. Kesho yake ikaita mara saba. Ujumbe ukaja: *Nimekukosea nini?* Kisha mwingine: *Kama ni hapana, sema hapana, nisiendelee kumwambia mama akushonee nguo ya harusi.* Ruweida aliusoma huo mpaka skrini ikazima yenyewe. Akisema, atamkosa. Asiposema, ataolewa na mtu anayebandika picha ya maiti.

Siku ya tatu Zein akatokea mlangoni pa duka, hajanyoa, shati lina jasho mgongoni.

"Ni wazimu wa ndugu yangu," akasema, hata salamu hakutoa. "Umefikiri watoto, umefikiri damu. Sema tu, Ruweida. Wangapi washatukimbia kwa hilo, wewe hutakuwa wa kwanza."

"Siyo hilo, Zein."

"Ni lipi basi?"

Akafungua kompyuta, akaitoa picha ya Khubaib kwenye skrini. Kando yake akaweka tangazo moja lililobaki. Hakuwa na njia nyingine ya kuanza.

"Tazama shati."

Zein akatazama. Akatazama tena. "Rangi si moja."

"Si moja." Akamweleza yote: geti, siku tisa, lori, karani. Alisema polepole, kwa sababu akienda mbio angelia, na kulia hakukuwa haki yake. Zein alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Uliiona?" akauliza mwishowe.

"Niliiona."

"Baadaye?"

"Siku ile ile. Karatasi ya kwanza. Ulinisifu nami nikanyamaza."

Zein akaiachia meza. Akaondoka, mfuko wake wa koleo akausahau kigodani.

Kule chumba cha maiti karani alimfungulia picha. Shati lilikuwa na kifungo cha shingoni kilichoshonwa na mama yao kwa uzi mweusi. Zein akakitambua. Akaonyeshwa kaburi kwa namba, akasimama juu yake na shehe na watu wachache, wakamswalia pale pale.

Nyumbani wakasoma hitima. Ruweida hakwenda. Jioni simu yake ikaita, na jina lilikuwa la Zein.

"Mama anakuuliza," akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Aniuliza mbona mwanangu Ruweida hajaja kunipa pole."

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia, wala sitamwambia. Atakufa akikupenda. Lakini kukuoa siwezi. Nikuweke ndani ya nyumba yake, akupakulie chakula, akuite mwanangu, na mimi niketi pale nikijua? Siwezi, Ruweida. Nimejaribu tangu juzi kuiona nyumba hiyo, siioni."

"Nitamwambia mimi."

"Usithubutu."

"Zein, nilinyamaza mara moja."

Akakata simu kabla hajakatazwa tena.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, alipanda ngazi za mbao za nyumba ile ya Ndia Kuu. Alivaa buibui la kila siku, mtandio mweusi, bila wanja. Bi Mwanaesha, mama yao akina Zein, alikuwa mkekani na tasbihi mkononi, mwanamke mwembamba aliyekonda zaidi kwa miezi mitatu. Akamfungulia mikono.

"Njoo, mwanangu. Mbona wanikimbia?"

Ruweida hakuingia mikononi mwake. Akapiga magoti mbali kidogo, akasema yote, na siku tisa za getini. Hakujitetea kwa mashine wala kwa haraka ya mtu. Alisema: niliona, nikaacha. Zein alikuwa amesimama kizingitini, uso umepauka.

Tasbihi ikasimama. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, akaenda mpaka sauti ikapotea.

"Siku tisa," akasema Bi Mwanaesha.

"Siku tisa, mama."

"Alikuwa akila?"

Ruweida hakulitarajia swali hilo. "Mlinzi alimpa chai na mkate. Kila siku. Kaniambia mwenyewe."

"Chai ya maziwa au ya rangi?"

"Sikumuuliza."

"Kamuulize." Machozi yakamshuka bila uso kubadilika. "Khubaib ya rangi haimkai tumboni. Kamuulize, uje unambie. Leo sina neno jingine nawe. Sikufukuzi wala sikukaribishi. Nenda."

Zein alimfuata hadi chini kwenye mlango wa nje. Hapakuwa na mtu. Walisimama mbali, kama watu wanaongoja kutambulishwa.

"Sikudhani ungeweza," akasema Zein.

"Hata mimi."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Akatazama ngazi, akatazama mikono yake. "Kesho nipigie."

"Nikupigie?"

"Nipigie. Sijui kama nitapokea. Lakini nipigie."

Kesho yake simu iliita mpaka ikakatika. Siku ya pili vivyo hivyo. Shimanzi Ruweida alikwenda, Morgan akamwambia ilikuwa ya maziwa, sukari nyingi, kijana alikuwa akiomba aongezwe. Siku ya tatu akapiga tena, amesimama kando ya geti, malori yakinguruma.

Ikapokelewa. Upande wa pili alisikia mtu akivuta pumzi.

"Ilikuwa ya maziwa," akasema Ruweida.

Zein akasikika akianza kulia, kilio cha mwanamume asiyejua kulia, na simu hakuikata. Ruweida akajiegemeza ukutani, akaibana yake sikioni kwa mikono miwili, akamsikiliza.