Kichwa cha Kambale

Tangu Aurélie apate mimba, kichwa cha kambale kilikuwa chake. Kila Jumamosi mumewe, Bulaimu, alitoka kwenye shimo la dhahabu, akapita kwa wavuvi wa mto ulio chini ya Lusangi, akachagua kambale mkubwa kuliko wote. Aurélie akimaliza kula, Bulaimu humwuliza, "Mutoto ameshiba?"

"Uliza mwenyewe," Aurélie hucheka, akiuweka mkono wa mumewe tumboni.

Asubuhi moja Madame Léontine alirudi. Yeye ni mtafiti. Miezi miwili nyuma alikuwa amechukua samaki na tope la mto, pamoja na nywele kidogo za kina mama wenye mimba. Sasa alileta majibu.

"Dada Aurélie, unakula samaki gani?"

"Kambale," Bulaimu alijibu kwa fahari. "Mukubwa! Ninamuchagulia mimi mwenyewe."

Léontine alimgeukia. "Nywele zake zimeonyesha zebaki nyingi. Ile mnaita merkiri."

Bulaimu alishtuka. Merkiri ndiyo yeye na wachimbaji wenzake waliyochanganya na mchanga ili ikamate dhahabu. "Lakini yeye hajaigusa hata siku moja!"

"Mchanga mnauoshea wapi?"

"Mtoni."

"Basi inabaki kwenye tope. Humo vijidudu visivyoonekana huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Wadudu wa mtoni wanaila. Samaki wadogo wanakula wadudu. Kambale anakula samaki wadogo, mwaka baada ya mwaka. Sumu yao yote inakusanyika kwake."

"Nitamuchemsha sana," alisema Aurélie.

"Moto hauiondoi, dada. Nayo inafika kwenye ubongo wa mtoto. Lakini ukiacha sasa, itapungua polepole."

Bulaimu alitazama mikono yake. "Kumbe ni mimi nilimulisha," alisema.

Aurélie alimshika mkono. "Ulinichagulia kwa kupenda. Chagua tena."

Jumamosi iliyofuata Bulaimu alipanda pikipiki mpaka Kabambare. Alinunua maharage, mayai na ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Tanganyika. Mchimbaji mwenzake, Iliasi, alimkuta njiani.

"Ee, tajiri wa dhahabu! Bibi iko na mimba, unamupelekea ndagala? Ubahili gani huu?"

Wapita njia walicheka. Masikio ya Bulaimu yalipata moto. Alikumbuka tumbo la Aurélie, akalishika kapu vizuri.

"Bibi yako naye iko na mimba, Iliasi. Panda hapa nyuma, nikueleze."

Iliasi alipanda akiwa bado anacheka. Walipofika Lusangi, alikuwa akiuliza bei ya ndagala.

Mwezi huo wachimbaji sita, Bulaimu na Iliasi wakiwamo, waliacha merkiri. Walizungusha mchanga na maji kwenye karai, taratibu, mpaka dhahabu ikabaki chini. Kazi ilikuwa ndefu, na mgongo uliuma. Hawakurudi nyuma.

Deborah, binti wa Aurélie, alizaliwa akipiga kelele za kuamsha majirani. Léontine alipokuja tena, alipima nywele za mama.

"Za karibu na kichwa zimeota tangu mlipoacha kambale," alisema. "Zebaki yake ni ndogo kuliko ya nchani, palipoota zamani."

Bulaimu alimwinamia mtoto, aliyekuwa ametoka kunyonya.

"Ameshiba?"

"Uliza mwenyewe," alisema Aurélie, akamwekea Deborah mikononi.