Maneno Yanayoanza na Ki

Kila asubuhi nyumba ile iliamka na mchecheto. Mama alikuwa fundi cherehani, na wateja wake hawakupenda kukuta kibanda kimefungwa, basi akishamimina chai tu alikuwa njiani. Kazi ya kumtayarisha Babu ilibaki kwa Chapuchapu.

Babu hakuwa mzee. Alikuwa mtoto wa miaka sita aliyerithi jina la babu yake, nyumba nzima ikamwita hivyo, naye akaitika. Chapuchapu alikuwa dada yake, binti wa darasa la sita. Jina hilo alibandikwa na shangazi kwa sababu hata chai ya moto aliinywa amesimama.

Babu alizaliwa kwa shida, na tangu hapo miguu na ulimi wake vilichelewa. Akili haikuchelewa hata kidogo. Alitembea kwa kushikilia fremu ya chuma, na kila neno alilitoa kwa kulisukuma. Dada yake hakuwa na subira ya kungoja neno lifike. Babu akianza “ma...”, yeye alikwisha kusema “maji”. Viatu alimvisha yeye, vifungo akavifunga yeye. Alimpenda mno ndugu yake, hilo hakuna wa kulikana, ila mapenzi yake yalikuwa na kiherehere.

Asubuhi hiyo kiherehere kilizidi. Mwalimu wa shule kubwa, ile iliyo ng'ambo ya ua, alikuwa anakuja kuwatazama watoto wa chekechea. Chekechea ile iliwachanganya watoto wote: wanaokimbia na wanaotambaa, wanaosikia na wanaozungumza kwa vidole. Pamoja walijifunza kuvaa, kunawa, kusubiri zamu na kuomba msaada, ili wakifika shule kubwa wasitapetape. Mgeni ndiye angesema nani aende muhula ujao na nani abaki. Rafiki zake Babu walikuwa na uhakika wa kwenda. Babu akikataliwa, angebaki peke yake.

Wazo hilo lilimkosesha Chapuchapu raha. Alimvisha Babu mbiombio, akakaza kamba za viatu, wakatoka. Njiani Babu akasimama. “Ki... ki...” akaanza. Dada yake akamwambia kitambaa kipo mfukoni, watembee.

Mlangoni mwalimu wa chekechea alimsihi, kama siku zote, amwache mtoto aingie mwenyewe. Chapuchapu akajitia hakusikia. Akaingia naye, akamtundikia mkoba, akamkalisha, kisha akaganda nyuma ya kiti. Kengele ya shule kubwa, alikosoma yeye, ilikwisha kulia, lakini hakuondoka.

Mgeni alivuta kiti kidogo akamuuliza Babu anaendeleaje.

“Ki... ki...”

Chapuchapu akadakia kwamba anataka kikombe, na kikombe cha maji kikaletwa. Babu akatikisa kichwa. Kitabu, basi! Kitabu kikaletwa. Babu akatikisa kichwa tena. Jamani, Kiswahili kina maneno mangapi yanayoanza na ki? Kijiko kililetwa, kifutio kikaletwa, meza ikajaa kama duka. Machozi yakamlenga Babu. Akakipiga kikombe kikaruka, maji yakamwagikia sketi ya mgeni.

Mgeni alijipangusa, akasema taratibu kwamba huenda mtoto huyu angojee mwaka mmoja zaidi. Darasa lake lina watoto wengi, na anayerusha vitu anaweza kuumiza wenzake. Chapuchapu akasogea mbele. Akaanza kueleza kwamba Babu si mkorofi, kwamba Babu anataka tu...

“Binti, nyamaza,” alisema mwalimu wa chekechea bila kupaza sauti. “Keti hapa, uzibe mdomo kwa mkono. Mgeni wetu, naomba tungoje.”

Wakangoja. Kungoja ni kazi, asikudanganye mtu. Chapuchapu alitikisa goti, akajikuna shingo, akatazama dirisha. Neno “kiti” lilimwasha ulimini akalimeza. Babu akavuta pumzi.

“Ki... kido...”

Kidole! Chapuchapu akaongeza mkono wa pili mdomoni.

“Kidonda,” Babu akasema. “Mgu... mguuni.”

Mwalimu alipiga magoti akamvua kiatu. Soksi ilikuwa imejikunja kisiginoni, ngozi imechubuka na damu inatoka. Kamba zilikuwa zimekazwa kikweli, kama anavyokaza mtu mwenye haraka zake. Chapuchapu aliona aibu hadi masikio yakawaka. Tangu njiani ndugu yake alikuwa akimwambia, naye akamjibu kwa kitambaa na kikombe.

Kidonda kilioshwa, kikafungwa. Mgeni akamuuliza Babu kama avalishwe kiatu. Babu alijibu polepole, neno baada ya neno, kwamba soksi atavaa mwenyewe, ila kamba afungiwe.

“Anajua anachokiweza, na anajua kuomba asichokiweza,” mgeni akasema. “Huyu nitampokea.” Kisha akamgeukia Chapuchapu. “Ambaye bado hajawa tayari ni wewe.”

Chapuchapu akainamisha kichwa. Mwalimu wa chekechea akamshika bega.

“Mwanangu, kumsaidia mtu si kumfanyia kila kitu, wala kumsemea. Huko aendako hutasimama nyuma ya kiti chake. Ukimngoja, anajifunza. Ukimdakia, unamnyang'anya neno lake, na pengine ndilo lenye maumivu yake.”

Babu alikuwa akihangaika na soksi, ulimi nje.

“Da... dada,” akaita.

Chapuchapu akangoja.

“Ne... nenda darasani. Ume... umechelewa.”