Kuruka Hata Mbuzi Anaruka

Wazazi wenzangu, leo sitazunguka mbuyu. Jambo hili limenikaa kooni, na msiponisikiliza nitalisema hivyo hivyo.

Mimi nauza mitumba mkabala na uzio wa shule. Jirani yangu ni Fundi, mshona nguo, aliyefiwa na mke akabaki na binti mmoja tuliyemwita Chiriku, kwa vile mdomo wake haukupumzika. Kila Alhamisi mchana kulikuwa raha mtaani kwetu. Watoto walikimbia uwanjani, wakaruka kamba, kisha mwalimu wa michezo akawaketisha kivulini na kuwafundisha habari za mwili: kunawa, kupumua, kuzuia damu ya pua. Alisema huduma ya kwanza kwa mtu aliyezimia wangeifikia muhula wa pili. Chiriku akitoka hapo alikuja dukani kumsimulia baba yake yote, na Fundi alicheka huku akikanyaga cherehani.

Basi ukaja mkutano wa wazazi. Matokeo ya hesabu yalikuwa mabaya, kila mtu ana kisirani. Fundi akasimama akasema, "Simleti mwanangu shule kurukaruka. Kuruka hata mbuzi anaruka, na hana mwalimu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kipindi cha Alhamisi kikageuzwa cha hesabu. Mwalimu wa michezo akaomba aachiwe japo nusu saa ya mafunzo ya afya, akajibiwa kwamba afya ni kazi ya hospitali. Muhula ulipokwisha alihamia shule nyingine, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja habari zikaja kwamba wakaguzi wako njiani, na wangetaka kuona watoto wakifanya michezo. Mwalimu mkuu akaingiwa na kiwewe. Watoto waliokuwa wamekaa vitini mwaka mzima wakatolewa nje kwenye jua la utosini, wakaambiwa wazunguke uwanja mbio ili wazoee. Filimbi alipewa mwalimu wa hesabu. Maskini, naye alikuwa ametumwa tu.

Chiriku hakupenda kushindwa. Alikimbia uso umemwiva, miguu ikaanza kupepesuka, akaanguka kifudifudi. Wenzake wakamzingira wote kwa pamoja, hata upepo haukupita. Mtu akamwita Fundi kupitia uzio. Alikuja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamlaza mtoto chali, kichwa mapajani mwake. Akapewa kopo la maji. Akamfumbua mdomo kwa vidole.

"Kunywa, mama," alimwambia. "Kunywa kidogo tu, baba yako nipo."

Maji yakarudi puani. Mwalimu mkuu akasema aongezwe. Fundi akaongeza. Nilikuwa nimesimama pale, na kifua cha mtoto nilikisikia kikikoroma, halafu sikukisikia tena.

Hospitalini daktari alitoka chumbani akauliza nani alimpa maji. Fundi akajibu haraka, kama mtu anayetaka kusaidia, kwamba ni yeye. Daktari alikuwa mpole, Mungu ambariki. Alieleza kwamba aliyezimia hapewi kitu mdomoni, maana hamezi. Hulazwa ubavu kivulini, watu wakasogea, akapozwa mwili kwa nguo mbichi. Maji yale yalikuwa yameingia mapafuni.

"Kwa hiyo ningemwacha tu kivulini, angeamka?" Fundi aliuliza.

"Huenda," alisema daktari, akainamisha macho.

Tukazika. Ulipofika mkutano mwingine, Fundi alisimama tena. Amekonda, shati linampwaya, yeye fundi mzima. Aliomba kipindi kirudishwe.

"Mwanangu nimemuua kwa kutojua," alisema. "Na nyinyi hamjui vilevile. Watoto wenu hawajui."

Watu walilia. Mwenyekiti alifuta machozi, akampa pole, akasema tuko pamoja naye katika msiba. Kisha akasema hesabu imepanda na mtihani uko karibu. Mikono ikanyooshwa kwamba Alhamisi ibaki ya hesabu. Tuliokataa tulikuwa wawili, mimi na yeye.

FUNZO

Mnaniuliza funzo ni lipi? Shule inayomfundisha mtoto kila kitu isipokuwa mwili wake imemwacha uchi. Michezo na afya si mapambo ya kuwatandikia wakaguzi. Mwili usiozoezwa haukimbizwi kwa amri, na mkono usiofundishwa hauokoi. Msijidanganye kwamba mapenzi yatawaongoza siku hiyo. Fundi alimpenda binti yake kuliko roho yake, na mapenzi hayo ndiyo yaliyoinua kopo. Alhamisi hii watoto wenu wamo darasani wakifanya hesabu. Akianguka mmoja wao kesho, nawajua, mtakimbilia maji.