Maji Kwenye Spiriti

Kila asubuhi Tone alifungua karakana kabla kaka yake hajaamka. Aliosha chupa kubwa za kioo, akazipanga mezani, akafungua madirisha ili harufu kali itoke. Jina la Tone alipewa na marehemu baba yao, kwa sababu alipima kila kitu kwa uangalifu, tone kwa tone.

Yeye na kaka yake walitengeneza chembe za plastiki, ndogo kuliko vumbi. Mteja wao alikuwa mmoja tu. Alizitumia kutengeneza vipimo vya hospitali, kwa hiyo chembe zote zilipaswa kulingana. Zikipishana ukubwa, kipimo kinadanganya, na mgonjwa anaambiwa ni mzima.

Kaka mtu aliitwa Fundi. Miaka yote ya baba katika kazi hii, Fundi alikuwa mbali akitafuta maisha. Alirudi kwenye mazishi, akakabidhiwa karakana kwa sababu ndiye mkubwa. Ufundi wenyewe hakuwa nao bado, ila sauti alikuwa nayo.

Siku moja aliingia ghafla, akamkuta Tone anamimina maji kwenye dumu la spiriti.

"We! Unafanya nini?"

"Naongeza maji, kaka."

"Kumbe ndiyo mchezo wako! Unaiba spiriti, halafu unajazia maji!"

"Sijaiba. Baba ndivyo alivyokuwa anafanya."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Hukuwepo."

Neno hilo lilimchoma Fundi. Alimshika dada yake mkono, akamburuta hadi mlangoni. Majirani wakatoka kutazama.

"Mwizi huyu!" alipiga kelele. "Anachakachua mali ya marehemu! Usikanyage tena hapa!"

Tone alivua aproni, akaikunja, akaiweka kizingitini. Alikwenda kuishi kwa shangazi yao.

Fundi akanunua spiriti safi kabisa, isiyo na maji hata kidogo. Akatia stairini, ile dawa ya majimaji inayogeuka plastiki. Akatia dawa ya kuzuia chembe zisishikane, na nyingine ya kuianzisha stairini kugeuka. Akapasha moto huku akikoroga. Zilitoka chembe kubwa kwa ndogo, nyingine zimegandana mabonge. Akarudia, yakawa yale yale. Mteja akazikataa.

"Ukiniletea hizi tena, tafuta mteja mwingine," alisema.

Jirani mmoja alikuwa mwalimu wa kemia. Fundi alimwita aje aone.

"Umebadilisha nini?" mwalimu aliuliza.

"Sijabadilisha, nimeboresha. Spiriti yangu sasa ni safi."

"Hapo ndipo ulipoharibu."

"Kwa usafi?"

"Sikiliza. Stairini inayeyuka kwenye spiriti, na ndivyo tunavyotaka. Ikipata moto, inaungana, inakuwa minyororo mirefu. Minyororo hiyo ndiyo plastiki. Plastiki haiyeyuki kwenye spiriti, kwa hiyo inajitenga na kujikusanya kuwa chembe."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

"Spiriti tupu inaivumilia mno ile minyororo. Inachelewa kujitenga. Chembe zinazaliwa chache, tena si kwa wakati mmoja. Zinanyonya stairini, zinanenepa, zinakuwa laini, zinashikana. Ukitia maji, minyororo inafukuzwa mapema. Unapata chembe nyingi, ndogo, zinazolingana."

"Basi nitajaza maji!"

"Taratibu, bwana! Maji yakizidi, hata stairini haitayeyuka. Itaelea juu kama mafuta. Unataka mchanganyiko unaoyeyusha stairini lakini unaoikataa plastiki. Jaribu kwanza kwenye chupa ndogo."

Fundi alikuna kichwa.

"Kwani mdogo wako hakukuambia?" mwalimu aliuliza. "Alikuwa na baba yenu siku zote."

Aliambiwa. Hakutaka kusikia.

Walijaribu pamoja kwenye chupa ndogo, wakiongeza maji kidogo kidogo, mpaka wakapata kipimo. Mchanganyiko ukatoka mweupe kama maziwa, bila bonge hata moja. Mteja akafurahi, akaagiza tena.

Fundi akachukua chupa moja, akaenda kwa shangazi. Alimkuta Tone chumbani, akafunga mlango nyuma yake.

"Mdogo wangu, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Hukuiba. Rudi kazini."

Tone alitikisa chupa, akaitazama dirishani.

"Zimetoka nzuri."

"Ni kwa sababu ya maji yako."

"Kaka, uliniita mwizi wapi?"

Fundi akatazama sakafu. "Mlangoni."

"Nani walisikia?"

"Majirani."

"Na msamaha unaniomba wapi?"

Tone akamrudishia chupa.

"Kaseme pale pale uliposemea. Halafu njoo unichukue."

Fundi alirudi. Majirani walikuwa nje, wakamsalimu. Aliitikia, akaingia karakana, akafunga mlango.

Chembe zake ni nzuri mpaka leo. Na mtaani Tone bado anaitwa mwizi.