Kikombe cha Umm Nawwaf Siku ya Mechi

Majirani zangu, wekeni simu chini kidogo niwasimulie balaa lililofika mlangoni kwa Jadua, dereva mstaafu wa basi la Irbid na Amman, likabakisha kuingia tu.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mvua za kwanza zimeshaosha vumbi. Jadua na mkewe Fiddah, ambaye sote tunamwita Umm Nawwaf kwa jina la mwanawe, walikuwa kibarazani wakichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni na zaatari, ule unga wa majani makavu na ufuta. Mafuta hayo yalitoka kwenye miti yao iliyo nyuma ya nyumba, urithi wa Jadua kutoka kwa baba yake. Kila mwaka ukoo mzima hukutana chini ya miti ile kuchuma, kugombana na kula. Fiddah alilea watoto wake kwa mafuta yale, na alitumaini kuzeeka nayo.

Jadua alikuwa anaitazama simu yake huku akitabasamu peke yake.

"Unasoma nini?" Fiddah akamuuliza.

"Namsoma mwanao. Jumatatu kuna mechi."

Nawwaf, kijana wao, alikulia kwenye maduka ya intaneti ya mtaa wa chuo kikuu pale mjini, akicheza ule mchezo wa kompyuta ambao vijana hugawanyika makundi mawili na kufyatuliana risasi. Kucheza hakukumpeleka mbali, lakini kuchambua kulimpeleka. Alifungua chaneli ya kutabiri timu kubwa, na wanaobeti walimfuata kama siafu. Walimwita Ustadhi Uhakika. Kampuni moja ya kubeti ilimlipa kwa kila mtu aliyemwelekeza kwao. Fiddah hakuelewa mchezo wenyewe, ila alifurahi kwamba mwanawe anapata riziki akiwa amekaa kivulini.

Kesho yake alikwenda nyuma ya nyumba kuchuma mboga za porini, akamkuta Abu Ghazi, tajiri anayejenga majumba ya kifahari, ananyoosha futi kamba kati ya miti.

"Kumbe mumeo Abu Nawwaf hajakwambia?" alisema yule tajiri, naye akaona haya. "Jumatatu tunasaini, Umm Nawwaf."

Fiddah aliacha kikapu palepale, akamfuata mumewe ndani.

"Jadua, Abu Ghazi anapima nini kwenye zeituni zangu?"

"Zetu."

"Haya, zetu. Anapima nini?"

Jadua alikohoa, akarekebisha kilemba. "Nataka nikupeleke Hija, mwanamke. Tangu nikuoe nakuahidi. Jumatatu Barq wanacheza mechi ya mtoano, ndiyo timu pekee ya Waarabu iliyobaki, na Nawwaf anasema wiki nzima kwamba hawafungiki. Napokea pesa asubuhi, naziweka, jioni zinarudi mara mbili. Namrudishia Abu Ghazi zake, amekubali, miti inabaki yetu. Inayozidi ndiyo Hija."

"Hija kwa pesa ya kamari?"

"Kamari ni ya wanaobahatisha. Mimi nafuata elimu ya mwanangu."

"Basi ngoja nimpigie huyo mwanachuoni wako."

Hapo Jadua akapandisha hasira. "Ukimwambia Nawwaf neno lolote la shamba hili, umeachika."

Mnawajua wanaume wetu. Kiapo cha talaka kwao ni kama chumvi, hata kwenye chai wanatia. Jadua huyuhuyu aliwahi kuapa hivyo ili muuza nyanya akubali kupokea pesa yake. Lakini safari hii macho yake hayakuwa na mzaha, na Fiddah si mwanamke wa kuichezea kamari ndoa yake. Simu akaiacha. Usiku kucha aligeukageuka kitandani, akimwona baba mkwe wake marehemu akipogoa matawi, na moyo ukamuuma sana.

Jumatatu asubuhi, Jadua alipotoka kwenda ofisi ya ardhi, Fiddah alimpigia kaka yake.

"Freih, vaa joho lako. Tunakwenda kwa Nawwaf. Tuna haja."

"Haja ya kumposea nani? Si ana mke?"

"Wewe vaa."

Nawwaf alipofungua mlango alishangaa. Mama yake, ambaye siku zote huingia moja kwa moja jikoni kufunua masufuria, leo alikwenda kukaa sebuleni, mahali pa wageni, mkoba umewekwa mapajani. Nawwaf akamimina kahawa chungu yenye iliki. Fiddah akapokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja. Freih naye akakiweka chake, kwa huzuni, maana anaipenda sana kahawa.

Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mgeni akiweka kikombe chini ana jambo analotaka, na akitoka bila kunywa, aibu ya mwenye nyumba itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo muungwana haulizi kwanza, anatoa kwanza. Wapo waliotoa mabinti kwa mtindo huo, na wapo waliosamehe damu.

Nawwaf akacheka. "Mama, nawe unaniwekea kikombe? Kunyweni. Mlichokifuata mmekipata."

"Mbele ya mjomba wako?"

"Mbele ya mjomba."

"Utabiri wa leo umeshautoa?"

"Nautoa sasa hivi. Kwa nini?"

"Nisomee."

Akasoma, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Barq hawajapoteza mechi ya mtoano tangu wampate mdunguaji wao mpya. Wapinzani wao, Vesterlund, huikataa ramani ya Bandari, yaani uwanja huo wa mchezo, kila mechi, na kwenye ramani zinazobaki Barq ni mabwana. Bila shaka yoyote ni Barq. Suka mkeka wako wa kubeti ukalale."

"Wewe una uhakika?"

"Ni namna ya kuandika tu, mama."

"Nimekuuliza, una uhakika?"

Nawwaf akajikuna shingo. "Hakuna mwenye uhakika. Lakini nikiandika sijui, nani atanifuata?"

"Na wewe umeweka kiasi gani?"

"Mimi? Mimi sichezi. Kwani nina wazimu?"

Freih akakisogeza kikombe chake mbali kidogo.

"Haja yangu ndiyo hiyo," alisema Fiddah. "Andika kwamba hujui. Halafu andika na hayo ya wazimu."

Nawwaf alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema kampuni itamtupa. Alisema watu watamcheka. Mwisho akapiga magoti mbele ya mama yake. "Kuna nini, mama? Kwa nini leo?"

"Sina la kukwambia." Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, lakini alikishikilia kiapo cha mumewe.

"Ulisema tumekipata," Freih akamkumbusha. "Na kahawa inapoa."

Nawwaf akafuta alichoandika. Akaandika kwamba hajui nani atashinda, wala hajawahi kujua, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuweka hata fulusi moja kwenye tabiri zake. Akautuma. Freih akanywa kikombe chake kwa mkupuo mmoja, akaomba kingine. Fiddah hakunywa.

"Si nimeshafanya?" Nawwaf akamwambia.

"Ngoja."

Matusi yalianza kumiminika kwenye simu ya Nawwaf, naye akaifunika kwa mto. Baadaye mlango ukagongwa kwa kishindo. Alikuwa Jadua, anahema, mkononi ana karatasi zilizokunjwa.

"Huchezi?" alimuuliza mwanawe. "Muda wote huo unatuambia tusuke mikeka, kumbe wewe huchezi?"

"Baba, kwani wewe ulikuwa unabeti?"

Jadua alikaa kwa uzito. Akaeleza yote mwenyewe, shamba, Abu Ghazi na Hija, na jinsi alivyofungua simu kalamu ikiwa tayari mkononi, ili asome tena lile neno bila shaka, akakuta mwanawe anasema hajui. "Kalamu ikawa nzito," alisema. Nawwaf uso ulimpauka. Aliyekuwa akimwandikia muda wote, bila kujua, ni baba yake.

"Umesaini?" Fiddah akauliza.

"Sijasaini."

Ndipo alipokichukua kikombe chake, akanywa kahawa ile baridi mpaka mwisho, akakitikisa kuonyesha ametosheka. "Sikumwambia neno la shamba," alisema. "Niliomba haja yangu tu."

Jadua aliinamisha kichwa. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikaishia kwenye kulia.

Alasiri waliitazama mechi pamoja. Barq walishinda ramani ya kwanza kwa urahisi, na Jadua akamtupia mkewe jicho la lawama ambalo Fiddah hakulipokea. Halafu Vesterlund wakafanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Wakaiacha ramani ya Bandari ichezwe, ile waliyokuwa wakiikataa siku zote. Kumbe walikuwa wakiifanyia mazoezi kwa siri. Waliwasambaratisha Barq humo, na kwenye ramani ya mwisho wakawamaliza. Nawwaf aliitazama skrini mdomo wazi. Jadua akatafuta mkono wa mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

Chaneli ile haipo tena. Nawwaf bado anachambua mechi kwa wanaoupenda mchezo, bila matangazo ya kubeti, na wafuasi wake ni wachache. Mwaka huu alikuja kuchuma zeituni kabla ya wote.

Funzo

Wenzangu, kamari haiji siku zote na sura ya uhuni. Kwa Jadua ilikuja na sura ya mtoto msomi na nia ya Hija. Anayekwambia bila shaka, muulize kwanza yeye ameweka nini. Nanyi mnaolipwa kwa kutabiri, msijione mikono yenu ni safi kwa kuwa hamchezi, kwani hamjui ni baba wa nani anayewasoma kalamu ikiwa mkononi. Neno sijui halimpunguzii mtu heshima. Nyumba ile leo inakula mafuta yake kwa sababu ya neno hilo.