Kebo ya Winchi

Saa 11:10 alfajiri

Kijiko kiligonga kikombe gizani. Tiki, tiki, tiki. Fundi akajua kaka yake ameshaamka. Au hakulala kabisa.

Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha. Mshumaa ukawashwa. Kaka akachovya kidole kwenye chai, akachora mezani.

"Duka la dhahabu. Ukuta wa nyuma. Nondo za dirisha tunazifunga kwenye winchi ya pikapu, inazivuta hadi zing'oke. Saa saba kamili mlinzi anatoka, mwenzake hajaingia. Tuna dakika nne."

"Na mwanangu?" Fundi aliuliza.

"Anakaa mbele na Breki. Gari lenye mtoto nani atalishuku?"

Breki, dereva wao, akacheka. "Hata mimi nikikaa naye najiona mtu mwema."

Fundi hakucheka. Binti yake wa miaka mitano alilala kwenye mkeka, kiatu kimoja mguuni.

Saa 5:30 asubuhi

Kebo ya kutoka betri hadi winchi ilikuwa nene kama kidole gumba. Fundi aliimenya ganda, akazisukuma nyaya zote ndani ya kichwa cha shaba cha kufungia kwenye betri, hata uzi mmoja usibaki nje. Akanyoosha mkono.

"Mashine ya kubania."

"Mwenyewe ana maswali mengi. Sikuiazima." Kaka akampa nyundo.

"Kaka, nyundo haitoshi. Inalaza shaba juu tu, ndani nyaya zinacheza. Winchi ikivuta kwa nguvu, hapa patawaka."

"Dakika nne, dada. Siyo miaka minne."

Akamnyang'anya nyundo, akapiga mwenyewe. Mara tatu. Mtoto alichuchumaa kando, ameziba masikio.

Fundi aliivuta kebo. Kichwa kikasogea, kiasi cha unywele. Akageuka kusema tena. Breki alikuwa ameshambeba mtoto kwenda garini.

Saa 7:01 mchana

Winchi ikanguruma. Nondo zikapinda. Plasta ikamwagika. Halafu harufu ya mpira unaoungua.

"Ishike!" Kaka alifoka.

Fundi akaikandamiza shaba kwa kitambaa. Kitambaa kikafuka moshi, kikawaka. Hakuachia. Mwanawe alikuwa hatua tatu tu, nyuma ya kioo cha pikapu.

Winchi ikazima.

Saa 7:03

King'ora. Pikapu ilikuwa bado imefungwa kwenye nondo, haiendi popote. Breki akaruka ukuta. Kaka alimtazama dada yake mara moja, naye akaruka.

Saa 7:06

"Mimi fundi wa betri tu, afande." Fundi alimpakata mtoto kiunoni, kiganja kilichoungua amekificha mgongoni. "Wamenisimamisha barabarani niwatengenezee. Wale watu siwajui, naapa."

Askari alimtazama mtoto, uso ukalegea. Akainama.

"Usiogope, mwanangu. Mama hana kosa, sivyo?"

Binti akaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote, akimtetea mama yake.

"Mama alimwambia mjomba nyundo haitoshi."